Pilau na Bakteria wa Kaskazini

Mchumba wangu ana sifa nyingi, ila kunyamaza si mojawapo. Mwaka ule, katikati ya miaka ya 2010, mama yake alipokaribia kuja kunitazama, alimsimulia kwa majivuno kwamba nafanya kazi maabara na bakteria wanaoua wanyama huko kaskazini kabisa mwa Kanada. Ni wanyama wakubwa wa manyoya marefu, wanaofanana na ng'ombe, na walikuwa wakifa makundi kwa makundi. Mdomo huponza kichwa, na safari hii kichwa kilikuwa changu.

Mama akafika kwetu Don Mills, huku kusini mwa Kanada, akavua viatu vya theluji, akanisalimu kwa mbali. Nikaandaa pilau kwenye sinia moja, tule pamoja kama desturi yetu. Akasema ameshiba. Mwanawe alikuwa ameshaniambia kwamba hajatia kitu kinywani tangu chai ya asubuhi. Nikajua anaogopa mikono yangu. Mama mkwe asipogusa pilau yako, posa haipo. Kwetu hilo halihitaji kuelezwa. Machozi na hasira vilinijia pamoja, hasira ikatangulia.

Nikamwuliza kama anaijua kazi yangu hasa. Bakteria hai siwagusi, nikamwambia. Wenzangu huwaua kwanza, mimi naletewa vinasaba vyao, nivisome nijue nani ndugu wa nani. Bakteria waliotoka kwenye mizoga ya kisiwa kimoja cha huko kaskazini na wale wa kisiwa cha mbali walikuwa karibu sawasawa, kama watoto wa tumbo moja.

Mama akasogea. Kumbe nimemgusa penyewe: kwao Tanga hapakuwa na harusi ambayo hakuulizwa habari za ukoo. Akataka kujua nani aliwavusha hadi kisiwa cha pili. Nikakiri kwamba bado hatujui.

"Ukoo mnaujua, njia hamuijui," akasema. "Kazi bado mnayo."

Tukazungumza bakteria mpaka pilau ikaanza kupoa. Mchumba wangu alikaa kati yetu akimezea mate sinia, kimya, kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

Hatimaye mama akajivuta mpaka penye sinia. Nikamsogezea maji ya kunawa, akayasukuma pembeni.

"Nilishe wewe, mwanangu. Kwa mkono huo huo."

Nikamega tonge kubwa kupita kiasi, likamjaa mashavuni. Alitafuna taratibu, akameza, akasema chumvi imepungua. Sijawahi kufurahia lawama kama ile.