Rangi ya Mdomo ya Dona Zuleide na Chupa za Bahari

Nyinyi wasomaji mnanikera. Nikiandika mwanasoka kavunja uchumba, mnajazana kama nzi. Nikiandika mtu anayejaza maji ya bahari kwenye chupa miaka kumi na tisa, mnapita kimyakimya. Leo hampiti. Kaeni hapo.

Mtu mwenyewe ni Dona Zuleide wa Arraial do Cabo, mji wa pwani ya Brazil, miaka hamsini na minane, mdomo haujui likizo. Saa kumi na mbili asubuhi, saa tatu, saa sita, saa tisa, anashuka ngazi za gati la kituo cha utafiti, anazamisha miguu majini, anaandika kitu kwenye daftari. Halafu anaingiza bomba la mpira mpaka kwenye kitako cha chupa ya kioo, anaacha maji yafurike hadi isibaki hata kipovu, anatia tone la sumu ya zebaki, anafunga.

Hilo tone ndiyo kazi. Ukilisahau, vidudu vinaendelea kupumua humo ndani, vinaongeza kaboni nyepesi, na siku ya kupima mashine inakusomea vidudu badala ya bahari. Na kituo kinataka bahari: uwiano wa kaboni yake nyepesi na nzito unavyobadilika kutoka asubuhi hadi alasiri.

Muda wote huo Zuleide anaongea. Anaongea na chupa, na ndege, na Genival, mwendesha boti wa kituo, anayesikia nusu na kukubali yote. Kwa kuwa anajijua, alijiwekea utaratibu. Tone likishaingia, anachovya kidole kwenye mdomo wake uliopakwa rangi, anagusa kizibo. Chupa yenye alama imekula sumu. Hakumwambia mtu. Kati ya maneno yote aliyosema miaka kumi na tisa, hilo tu ndilo alilolisahau.

Basi akaja Daktari Evandro kutoka Rio, mkuu mpya wa utafiti, kijana mwenye viatu vyeupe. Wiki ya pili tu akamwita, akamwekea grafu mezani.

"Dona Zuleide, ona hapa. Saa kumi na mbili kaboni nzito iko sawa. Saa tisa imeporomoka. Kesho yake hivyohivyo. Halafu wiki nzima shwari. Bahari haina kigeugeu namna hii."

"Wewe umeijua lini bahari, mwanangu?"

"Unasahau tone. Unapiga soga, unasahau."

"Mimi? Nisahau? Genival, umesikia?"

"Nimesikia, Dona," akasema Genival mlangoni. Hakuwa amesikia.

"Natia alama kila chupa! Rangi ya mdomo, kwenye kizibo!"

Evandro akakodoa macho. "Kumbe ni wewe? Nilidhani kuna mtu anabusu chupa zetu. Nikaagiza vizibo visuguliwe vizuri."

Chupa ikishapimwa humwagwa na kuoshwa, kwa hiyo ushahidi ulikuwa umekwenda na sabuni. Daktari akatoa hukumu kwa sauti ya upole, ile inayouma zaidi: Ijumaa atafuta siku zote zilizoporomoka, miaka yote kumi na tisa, na Dona Zuleide atahamia chumba cha kuoshea vyombo.

Alitoka nje akiwa kimya. Jamani, kimya! Muuza tapioca, zile chapati za wanga wa muhogo, wa pale nje alimuuliza kama kuna msiba. Hakugusa hata keki ya muhogo ya muuzaji huyo, na ile keki huwa haimpiti. Akakaa gatini, Genival pembeni yake juu ya kreti.

"Wakikutoa hapa, nani ataniambia habari za mji?" Genival akanung'unika.

"Utanunua redio." Akavuta kamasi. "Genival. Umekalia nini?"

"Kreti."

"Kreti gani?"

"Ile ya Machi. Si ulisema niipeleke maabara?"

"Nilisema Machi! Sasa hivi ni Mei, we mzee!"

"Inakaa vizuri," Genival akajitetea.

Mle ndani zilikuwemo chupa kumi na mbili, hazijafunguliwa, kila kizibo na doa lake la zambarau kama tunda la jabuticaba lililoiva. Zuleide aliibeba kreti mwenyewe, akaitua juu ya grafu ya daktari.

"Pima. Kwanza sumu, halafu kaboni. Na mimi nasimama hapa."

"Inachukua saa nyingi, Dona."

"Nina maneno ya kutosha."

Alhamisi mchana majibu yakatoka. Karatasi za kupimia zebaki, zote kumi na mbili, ziligeuka rangi. Kila chupa ilikuwa imekula sumu. Na bado tano ziliporomoka. Evandro akajikuna kichwa. Zuleide akafungua daftari lake. Kwa chupa hizo tano, na hizo tu, alikuwa ameandika neno lilelile: *inauma*.

"Nini inauma?"

"Miguu. Upepo wa kaskazini-mashariki unavuma tangu jana. Vua viatu."

Akamshusha ngazi. Daktari akazamisha miguu yake, miguu ya Rio, na yowe alilotoa liliwafikia wauza samaki.

"Barafu! Na jua lote hili?"

"Upepo unasukuma maji ya juu, ya chini yanapanda. Huko chini vidudu vimekufa na kuoza miaka mingi, kaboni yao nyepesi yote iko huko. Asubuhi unaoga, mchana unalia. Kigeugeu si mimi."

Evandro alibaki mle majini, meno yakigongana, akiliangalia daftari lenye *inauma* za miaka kumi na tisa kama mtu aliyeonyeshwa nyumba yenye vyumba asivyovijua. "Nilitaka kuzifuta," akasema polepole.

"Ulitaka. Toka, utapata mafua."

Ijumaa hakikufutwa kitu. Kwenye mwongozo wa kazi wa kituo kukaongezwa mstari: kila chupa iliyotiwa sumu iguswe rangi ya mdomo. Genival naye hugusa, zamu ikiwa yake, na tusimcheke sana.

Shida imebaki moja. Rangi yenyewe kiwanda kimeacha kuitengeneza, na nyingine alizojaribu zinayeyuka kwa chumvi. Dona Zuleide amebakiwa na kipande kama ukucha. Kwa hiyo wewe, hebu fungua droo ya bafuni kwako, ile usiyoigusa. Ukikuta rangi ya mdomo ya zambarau, ya zamani, ngumu, isiyotoka hata ule supu, usiitupe. Mpelekee gatini, kabla ya saa tatu.