Mabao Niliyompigia Yaya

Kaka yangu mkubwa, yaya kama tunavyosema hapa Goma, alikuwa mshambuliaji Ujerumani. Kabla hujavuta kiti karibu nikuambie: ni ligi ya tano. Kule uwanja una viti upande mmoja, na upande wa pili kuna ng'ombe wa jirani wanaotazama bila kulipa.

Mjerumani mmoja aliyefanya kazi hapa Goma alimwona mtaani Majengo akifunga bao peku juu ya makoro, yale mawe meusi ya volkano yanayokula magoti yetu, akajiuliza kijana huyu akipewa nyasi atafanya nini. Akapewa nyasi. Alianza ligi ya tatu, akaenda ya nne, akaenda ya tano. Mama alipouliza kwa nini namba inapanda, nilimwambia ni kama shuleni: ukitoka la tatu unaingia la nne. Alifurahi sana. Mimi nilienda kuchekea chooni.

Mechi zake hazionyeshwi popote. Timu inaandika tu mambo ya uwanjani kwenye ukurasa wake, dakika kwa dakika, simu inageuza Kijerumani kuwa Kifaransa, na mimi nageuza Kifaransa kuwa Kiswahili cha nyumbani. Kila jumamosi mama alifunga meza yake ya maharagi mapema, akaketi kwenye kigoda na rozari, akasema: "Papa, anza." Mimi ndiye papa, ndivyo anavyotuita wana wake akiwa na furaha. Nilisoma kama mtangazaji wa redio, na kelele za mashabiki nilizitoa kwa pua. Yaya akifunga, jumatatu mama alikuwa parokiani kuandikisha nia ya misa. Bao moja, shukrani moja.

Kabla ya Noeli yaya alituma ujumbe wa sauti: "Mama, goti inanisumbua kidogo. Nitakuita dimanshi."

Jumapili, hiyo dimanshi yake, ilifika, ikapita. Simu yake haikupatikana tena. Yule Mjerumani alikuwa amesharudi kwao na namba yake ilikufa. Niliandikia ukurasa wa timu kwa Kifaransa, kisha kwa Kijerumani cha simu, nikapata kimya katika lugha zote mbili.

"Hata asipoita, haina neno," mama alisema. "Bakimupanga kwa timu, basi iko muzima. Ile tu ndiyo minataka kujua."

Jumamosi iliyofuata nilifungua orodha. Majina kumi na moja, na lake halimo. Wa akiba, halimo. Mama alikuwa ameshashika rozari. Mimi nimeshawadanganya walimu wangu wote mpaka yule wa dini, kwa hiyo mdomo haukuomba ruhusa.

"Yupo," nikasema. "Namba tisa."

Dakika ya sitini nilimpa bao la kichwa.

Baada ya hapo sikuweza kusimama. Ningemtoaje uwanjani bila kumwua? Nilimpa penalti, nikampa bao la mbali, nikamkosesha mengine ili mambo yasinuke bongo, yaani uongo. Shuleni, wakati wa jeografia, nilikuwa napanga pasi. Shida ni kwamba nilianza kumwona. Alikimbia kwenye ukungu, jezi imelowa, na kila mara alinipa mgongo. Nilijaribu kumgeuza ashangilie, ili nimtazame usoni. Hakugeuka. Siku moja nilipita uwanjani Majengo, mtu akawa anakimbia mbele yangu, bega la kushoto limeshuka kama lake. Niliita "Yaya!" Akageuka fundi wa pikipiki mwenye ndevu, akaniuliza nina deni lake au nimelewa.

Nilianza kuogopa kwamba ninamchezesha marehemu.

Halafu ikaja misa ambayo mama aliandikisha mabao yote ya karibuni kwa pamoja. Siku ile padri alisoma nia kama kawaida, kwanza za marehemu, jina kwa jina, na bila hata kumeza mate akaendelea: "Na familia moja inamshukuru Mungu kwa mabao saba ya mutoto wao mwenye kuwa Ulaya."

Saba. Yote saba yalikuwa yangu. Watu walicheka, wakapiga makofi, mama akasimama na kitenge chake kipya akainamisha kichwa kama aliyefunga yeye. Rafiki yangu alinidunga kiwiko, akimsifu yaya: "Grand yako ni moto! Anakula vitu gani kule?" Mimi, ambaye hucheka hata kwenye mazishi, nilitazama sakafu. Shukrani ya yaya ilikuwa imekaa karibu sana na majina ya wale marehemu.

Jumamosi mama akaketi. "Papa, anza."

Nilisoma orodha kama ilivyo. Kipa, mabeki, wote. Nilipomaliza, mama alikuwa bado anangoja.

"Soma tena."

Nikasoma tena, polepole.

"Umemuruka."

"Sikumuruka, mama. Haimo."

"Leo?"

"Tangu mbele ya Noeli."

Vidole vyake vilisimama juu ya punje. "Na ile mabao?"

"Ni yangu."

Nilingoja kofi. Ningelipenda sana lile kofi. Mama alinitazama tu, kama mtu anayetafuta ndani ya uso wangu uso mwingine, na ninajua ni upi, kwa sababu watu husema tunafanana. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo: "Na ile misa yote, Mungu alikuwa anaisikia ya nani?"

Nikainamia tena simu.

"Bale ba kukaa ku banki?" mama akauliza, akimaanisha wachezaji wa akiba. "Bote umebasoma?"

"Bote, mama. Haiko."

Nilitaka kuzima simu. Akanishika mkono. "Mutu anaweza kuchelewa," akasema. "Anaweza kuwa njiani, goti inamuuma. Soma. Vile iko, usiongeze."

Nikasoma. Pasi, kona, mpira wa kurusha, majina ya Wajerumani ambayo ulimi wangu unayavunja. Sikutoa kelele za pua. Mama hakusali. Kila nilipotamka kwamba kuna mabadiliko, alijisogeza mbele kwenye kigoda, nami nilimtajia nani ametoka, nani ameingia, naye alirudi nyuma taratibu. Ilitokea mara tano. Dakika ya tisini hakuna aliyekuwa amefunga.

"Bameongeza dakika ngapi?" mama akauliza.

"Nne."

"Basi soma."