Fundi madirisha na mtoto anayehitaji baridi

Saa mbili asubuhi, Radoje Stepanov yuko juu ya ngazi katika mtaa mmoja wa mji wa Vršac, Serbia, anang'oa fremu ya mbao iliyooza. Ndani ya chumba, mwenye nyumba, mzee mstaafu wa reli, ameketi kitandani na skafu shingoni na kofia ya manyoya kichwani.

"Fundi, funga kwanza mlango wa ukumbini."

"Nimeshafunga, mzee."

"Na wa jikoni?"

"Na huo pia."

"Sasa mbona upepo unapita?"

Radoje analitazama tundu alilolifungua ukutani sasa hivi, pana kiasi cha kupitisha ng'ombe. "Sijui, mzee," anasema. "Labda kuna mahali panavuja."

Kwa miaka kumi na miwili Radoje amekula mkate wake kwa kuziba nyumba za mji huu. Kila dirisha humwachia kama dinari elfu nne, na siku nzuri hufunga matatu. Upepo wa koshava ukianza kuvuma kutoka mashariki, simu yake haipumziki.

Lakini kinachomlisha hasa ni hofu. Watu wa hapa hawaiogopi baridi yenyewe. Wanaogopa upepo wa kupita, ule unaoingia mlangoni na kutokea dirishani. Ndio unaolaumiwa kwa jino, kwa sikio, kwa figo na kwa mgongo. Profesa anaulaumu, na mchinjaji anaulaumu. Hofu hiyo nusura imnyang'anye Radoje mwanawe wa pekee.

Ilikuwa jioni moja ya Desemba. Vukan, mwenye umri wa miezi kumi, alianza kukohoa kikohozi kikavu, kizito, kama mbwa anayebweka ndani ya pipa. Mama yake Radoje, Bi Bosiljka, ambaye ndiye mwenye nyumba, alishika usukani palepale. Alifunga madirisha, akaongeza kuni kwenye jiko, akampaka mtoto mafuta ya bata bukini kifuani, akamvalisha soksi zilizoloweshwa rakija, pombe kali ya matunda, na kofia ya sufu.

"Nilisema tufungue dirisha kidogo," anasimulia Tijana, mke wa Radoje, muuza viatu. "Mama mkwe akanitazama kama nimeomba kisu."

Radoje alifanya nini? "Nilikagua mipira ya kuzibia dirisha kama inabana vizuri," anajibu, na anasugua uso kwa viganja. "Kazi safi kabisa. Hata pumzi haikupita."

Kadiri chumba kilivyopata joto, ndivyo koo la mtoto lilivyozidi kubana. Kila alipovuta pumzi ilisikika filimbi nyembamba, na ngozi ya katikati ya mbavu ikadidimia. Midomo yake ilipoanza kugeuka rangi, Tijana alimnyakua, akampita mkwewe mlangoni, akakimbilia gari la kazi la Radoje, naye Radoje akaliwasha. Koshava iliing'oa kofia ya sufu kichwani mwa mtoto na kwenda nayo.

Wakiwa njiani kwenda hospitali, dirisha moja la gari likiwa wazi kwa sababu kioo chake kilikuwa kimevunjika tangu vuli, filimbi ilianza kupungua.

Daktari Olivera, mtaalamu wa watoto aliyewapokea, alimpa dawa ya kuvuta kwa mvuke na nyingine ya kupunguza uvimbe. Kisha akawaeleza wote watatu, maana Bi Bosiljka alikuwa amefika kwa teksi. Virusi vilikuwa vimevimbisha njia ya hewa, na njia ya mtoto ni nyembamba mno. Hali ile ingeweza kurudi kabla baridi haijaisha. Ikirudi, mtoto atulizwe, akae wima, apate hewa ya baridi, na aletwe hospitali mara moja.

"Hewa ya baridi," Bi Bosiljka alirudia. "Wewe binti, una watoto?"

"Wawili, mama."

"Na wote wako hai?"

"Wote."

"Basi una bahati."

Mtoto alirudi nyumbani baada ya siku tatu. Bi Bosiljka aliwatangazia majirani kwamba kilichomwokoa ni soksi.

Hapo ndipo vita ilipoanza, na kwa kweli hakukuwa na njia ya kuikwepa. Tijana alikuwa amesharudi dukani, Radoje yuko kwenye ngazi za watu mchana kutwa, na mtoto hubaki na bibi yake. Kikohozi kikirudi, uhai wa Vukan utakuwa mikononi mwa mwanamke anayeamini kwamba dirisha ni silaha.

Radoje akifungua dirisha la chumba cha mtoto, mama yake anafunga. Aling'oa kitasa dirisha likiwa limeinamishwa ili libaki na upenyo; akarudi jioni akakuta upenyo umezibwa kwa mto. Akauchukua mto. Kesho yake akakuta blanketi.

Kisha Bi Bosiljka akaacha kusema naye moja kwa moja. Alipitishia maneno kwa mjukuu.

"Vukan, mwambie baba yako supu iko mezani. Mwambie ale haraka kabla haijaganda, maana humu ndani sasa ni Siberia."

Kila jioni Radoje alimfanyisha mtihani.

"Mama, akianza kubweka, utafanya nini?"

"Nitakupigia."

"Kabla ya kunipigia?"

"Nitamwombea."

"Na dirisha?"

"Dirisha nitalifunga ili nisikie vizuri ukipokea."

Tijana anasema kuna siku alimwona mumewe amesimama uani, peke yake, anaupigia kelele mti wa maua.

Alasiri moja ya Februari, Radoje akiwa kijiji cha jirani na povu la kuzibia hadi viwikoni, simu iliita. Hakuwa mama yake. Alikuwa Smilja, jirani wa ng'ambo ya barabara, na sauti yake ilijaa hasira.

"Radoje, njoo umchukue mama yako, amerukwa na akili. Amekaa kwenye ngazi za mbele na mtoto. Koshava hii! Mtoto hana hata kofia. Nimemwambia aingie ndani, amenitukana."

"Amekutukanaje?"

"Siwezi kurudia."

"Mtoto analia?"

"Analia mtaa mzima unasikia."

Radoje anasema aliketi juu ya ndoo ya gundi. Kikohozi kilikuwa kimerudi, lakini mtoto anayelia hivyo anavuta hewa. Smilja aliendelea kufoka, na yeye akamwacha afoke, kisha akamwomba apige simu kuita gari la wagonjwa. "Ameshapiga mwenyewe," alijibu Smilja. "Ndio maana nakwambia hayuko sawa."

Safari hii hawakulazwa. Mvuke, dawa, saa chache za kuangaliwa, wakarudi nyumbani. Daktari Olivera alimshika Bi Bosiljka mkono, akamshukuru.

"Sikufanya kwa ajili yako," mama huyo alimjibu. "Nilifunga dirisha kwanza. Nikaona macho yake. Basi nikatoka."

Tangu siku hiyo yuko kitandani na shingo iliyokakamaa. Anaipokea hali hiyo kwa ushindi.

"Nitazameni," anasema, taulo la moto begani. "Semeni tena kwamba upepo haufanyi kitu. Mtoto anacheza, mimi nimekufa upande mmoja."

Vukan yuko sakafuni, anagonga sufuria kwa mwiko na kupiga kelele bila kikomo. Daktari amesema koo litapanuka kadiri anavyokua, na mashambulizi hayo yatakoma. Mpaka hapo, Radoje ana mpango mmoja. Dirisha la jikoni, ambako bibi na mjukuu hushinda, limegandamana kwa rangi ya zamani na halifunguki hata kwa nyundo. Mwezi ujao ataweka jipya, lenye kitasa cha chini kinachozungushwa kwa mkono mmoja, ili mkono wa pili umshike mtoto. Itakuwa mara yake ya kwanza kufunga dirisha akifikiria jinsi litakavyofunguka.

"Umekubali, mama?" anauliza kutoka mlangoni, akichukua begi la zana.

"Akikohoa, nitalifungua," anasema Bi Bosiljka. "Asipokohoa, lisiguswe. Na wewe, kama unatoka, toka. Usisimame hapo na mlango wazi."