Jicho Juu ya Kamba za Nguo

Haya yalinipata mimi mwenyewe, asubuhi, jua likiwaka, akili zangu zote kichwani. Nakwambia mapema kwa sababu nawajua watu wa mtaa wetu, Pipeline: ukiwasimulia kitu kama hiki wanakuuliza ulikuwa umekula nini. Nilikuwa nimekunywa chai na mkate. Basi nisikilize.

Mimi si msemaji. Niko kidato cha tatu, na mwalimu akiniuliza swali huwa najibu nikiangalia dawati. Lakini kulikuwa na mahali pamoja nilipokuwa nikicheka kwa sauti: juu kabisa ya ploti yetu, jengo tunalopanga, orofa ya nane, kwenye kamba za nguo. Kila Jumamosi asubuhi pale huwa pa wanawake. Anayefika kwanza anafunga leso kwenye geti la ngazi, na mwanamume akiiona anarudi chini hata kama shati lake la kazi liko kambani. Hakuna aliyeandika sheria hiyo, inajulikana tu. Hapo ndipo nilipokuwa nikivua hijabu, naosha nywele na kuzianika juani. Nyumbani ningezianika wapi? Ploti zetu zimebanana hivi kwamba hata saa sita mchana tunawasha taa.

Jumamosi moja kikaja kitu. Kwanza mlio wa nyuki, halafu kitu cheusi chenye mikono minne, na jicho jekundu tumboni. Kikasimama hewani juu ya kichwa changu. Nikasogea, kikasogea. Nikakimbilia nyuma ya tangi la maji, nacho kikazunguka tangi.

"Ni droni!" akasema Mama Hafsa wa orofa ya tatu, akijifunika kwa taulo iliyolowa. "Ni ya yule Kevo wa ploti ya mbele, wa kupiga picha za harusi. We Kevo! Mamako anajua kazi unayofanya?"

Kevo alikuwa dirishani kwake, rimoti mkononi. "Tulia, mathe! Nairusha tu. Kwani hewa pia ni ya landilodi wenu?"

Sasa hapa ndipo tulipokosea. Mama Hafsa alidhani droni haikuiona leso kwa sababu haikupitia ngazi. Kwa hivyo tukaitoa getini, tukaifunga juu ya mlingoti wa eriali ili ionekane kutoka angani. Usicheke. Tulimpa Kevo bendera! Ikipanda tu, anajua tuko juu.

Wiki iliyofuata droni ilifika kabla hatujaanika hata soksi. Ikagonga ule mlingoti, ikaanguka hatua moja kutoka kwa Hafsa, ambaye ana miaka miwili. Pangaboi la droni likapasua beseni kama kisu. Hebu fikiria kingekuwa kichwa cha mtoto. Mama Hafsa akaiokota. Aliibeba mpaka mlangoni kwa Kevo, mimi nyuma yake, akaikanyaga hadi mkono mmoja ukang'oka.

"Haya, zika maiti yako," akamwambia.

Kevo akaokota vipande, akavitia kwenye boksi la viatu.

Ungedhani yameisha, sivyo? Jumamosi iliyofuata ikarudi.

Niamini, ilikuwa ile ile. Mikono mitatu, na pengo pale wa nne ulipong'oka. Safari hii haikuwa na mlio wowote. Nikatazama sakafu nikitafuta kivuli chake. Changu kilikuwepo, cha tangi kilikuwepo. Chake hakikuwepo.

Tulishuka ngazi mbio mpaka kwa Kevo. Mama Hafsa hakubisha hodi. Kevo alikuwa amekaa kitandani, uso umempauka, boksi liko mapajani na vipande vyote vimo ndani.

"Siirushi, wallahi," akasema, na yeye hata si Mwislamu. "Lakini picha zinaingia."

Akatuonyesha simu. Nilikuwa mimi, nyuma ya tangi, nywele mabegani. Nywele ambazo hata binamu zangu wa kiume hawajaziona.

"Futa," nikasema.

Akafuta. Ikarudi. Akafuta tena. Zikarudi mbili.

Baada ya hapo hakuna mwanamke aliyepanda. Wiki mbili nilikausha nywele bafuni, zikanuka unyevu kama tambara. Nililia, sitakudanganya. Halafu kilio kikageuka hasira. Mimi nijifiche kwetu? Mimi ndiye niliyekosa nini?

Jumamosi ya tatu nikapanda peke yangu. Nikafunga leso getini, mahali pake. Nikavua hijabu. Nikachovya shuka la Mama kwenye maji, lile kubwa la kitanda, nikalishika kwa mikono miwili. Kile kitu kikaja, kimya, kikasimama mbele ya uso wangu.

"Umekuja kuona?" nikakiambia. "Sogea basi. Ona vizuri."

Kikasogea. Nikalirusha shuka.

Kilinaswa! Kilipapatika humo ndani kama kuku anayechinjwa. Nikakikalia kwa magoti, nikipiga mayowe nisiyojua kama ninayo. Mama Hafsa akafika na mchi wa kinu. Kikatulia. Tukafunua pembe moja, kisha ya pili.

Hakukuwa na kitu. Shuka lililokuwa likichuruzika maji lilikuwa kavu, lina joto kama limetoka kupigwa pasi, na lina matundu matatu yaliyoungua kingo.

Tangu hapo hakijarudi. Wanawake wamepanda tena, na Kevo amehama bila kuaga. Lakini zile picha sijui ziko wapi, na hakuna anayeweza kuniambia. Na pale utosini, kilipokuwa kikisimama, huwa pana baridi hata jua likichoma. Mama ameninunulia mafuta matatu tofauti. Wapi, baridi haitoki!

Kwa hivyo wewe uliyenunua droni yako na kuipitisha juu ya kamba za watu: unadhani inakutii kwa sababu umeshika rimoti. Hata Kevo alidhani hivyo. Ukishaizoesha kuchungulia, huenda siku moja isikuhitaji tena. Na ikija kwetu, mimi siingii ndani. Niko juu kila Jumamosi, kichwa wazi, na beseni la mashuka yaliyolowa liko karibu na mguu wangu. Jaribu.