Punda Asiyeitika Shikamoo

Duka la Mzee Salimu pale Katesh lilinuka sabuni ya mche, mafuta ya taa na iliki. Mpaka leo nikipita mahali harufu hizo tatu zimekutana, shingo yangu inanyanyuka yenyewe kutafuta televisheni. Ilikaa juu ya rafu ya sukari, ndogo, yenye kisogo kikubwa, na ili kuiona ilibidi ukae juu ya gunia la mchele na kuinua kidevu kama kuku anayekunywa maji. Kila Jumamosi Mama aliuza mayai na maharage barazani hapo. Mimi, mtoto wa miaka kumi, nilipanda gunia langu saa kumi jioni kuangalia katuni ya familia ya Bata. Mzee Salimu alitugeuzia mgongo muda wote, akipanga vitu vyake kwenye rafu. Nilidhani kwake katuni ni kelele za watoto tu.

Sikuwa naangalia kwa ajili yangu peke yangu. Kwetu Gehandu hakukuwa na televisheni wakati ule, na sisi watoto tuliochunga mbuzi pamoja tulikuwa na makubaliano. Jumamosi mbuzi wangu walichungwa na binamu yangu Paskalina, akisaidiana na Emanueli, mtoto wa jirani aliyetuzidi miaka miwili na kwa hiyo akajifanya hakimu wa kila jambo. Jumapili baada ya kanisa, tukiwa malishoni, upepo wa Mlima Hanang ukituchapa masikio, nililipa deni langu kwa kuwasimulia katuni yote: Bata baba alivyojigamba, Bata mama alivyomkomesha, vifaranga walivyovunja hiki na kile. Bata walikuwa na majirani wawili, Punda mzee fundi baiskeli na Bi Kobe muuza maandazi. Hao walipita tu kwa nyuma, mmoja na spana, mwingine na ndoo yake, nami sikuwahi kupoteza pumzi kwa ajili yao.

Emanueli alikuwa na kipimo chake cha uongo, nacho ni salamu. Alitaka kila anayeingia nyumba ya mtu katika hadithi asalimie na aitikiwe, kama kwetu, ambako mtoto akimpita mzee bila shikamoo anarudishwa nyuma aanze njia upya. Kipimo hicho kilishaninasa. Jumamosi moja umeme ulikatika Katesh, na kwa aibu ya kurudi mikono mitupu nikatunga ya kwangu: Bata katumbukia kisimani, kaokolewa, kaingia kwa mzee mmoja kuomba maji. "Hakusalimia?" akauliza Emanueli. Nilibabaika, nikakiri hapo hapo, maana mimi na uongo hatujawahi kuelewana. Nikapewa onyo kwamba nikidanganya tena, Jumamosi zangu zimekwisha.

Basi mtaona mkosi wangu. Likizo ya mwezi wa sita, wiki mbili tu baada ya onyo lile, katuni ilianza kwa familia ya Bata kupanda basi kwenda harusini. Basi likaondoka na vumbi lake, na picha ikabaki pale pale uani. Nikasubiri warudi, hawakurudi. Badala yake tukaingizwa nyumbani kwa Punda, mahali ambapo hatukuwahi kufika. Mlikuwa na kitanda kimoja, kikombe kimoja, na viti sita vya wageni alivyovitengeneza mwenyewe, vinang'aa kwa sababu hakuna aliyewahi kuvikalia. Bi Kobe, aliyebaki na maandazi ambayo Bata walikuwa wameagiza wakasahau, akabisha hodi. "Shikamoo mzee," akasema. Punda akafungua mlango, akasimama. Hakuitika. Machozi yakamtoka, akaendelea kusimama. Bi Kobe akangoja kidogo, akaingia, akakaa kiti cha kwanza. Wakanywa chai kwa zamu katika kile kikombe kimoja, na kila andazi moja likiisha Bi Kobe alihamia kiti kingine, mpaka akavikalia vyote sita. Ikaishia hapo. Nilishuka kwenye gunia, na moja kwa moja nikajua nimekwisha.

"Mzee gani asiyeitika shikamoo?" Emanueli aliniuliza kesho yake. "Alikuwa mgonjwa?"

"Hapana."

"Kiziwi?"

"Hapana. Alinyamaza tu."

"Hata aliyegombana na wewe anaitika, Fausta. Na Bata wako wapi? Katuni ya Bata bila Bata?"

Kilichoniumiza zaidi ni Paskalina, aliyesimama katikati yetu na fimbo yake. "Fausta hajadanganya," alisema. "Kama kadanganya, mbuzi wake nitawachunga mimi mpaka shule ifunguliwe." Na Paskalina alikuwa tayari anachunga mbuzi wa kwao pamoja na ndama wa bibi yake. Emanueli, hakimu asiye na huruma, akaninyang'anya fimbo yangu, akasema adhabu inaanza Jumatatu, na mimi nisiwasogelee mbuzi hao mpaka nipate shahidi. Siku mbili nilikaa kando ya boma nikimsikia Paskalina kule bondeni akiwaita mbuzi wangu, sauti imemkauka. Nilitamani kukiri uongo ambao sikuusema, ili tu apumzike.

Jumatano gari la Mzee Salimu lilipanda njia ya Gehandu kuchukua maharage. Nililikimbilia mpaka likasimama, na wenzangu wakaja mbio kutoka malishoni. Tukatoa shikamoo zetu kwa pamoja, naye akaitika kila moja. Halafu Emanueli, bila kupepesa macho, akauliza, "Mzee, Jumamosi katuni ilikuwa ya nani?" Nilifumba macho. Mtu aliyekuwa ametugeuzia mgongo angejua nini?

Mzee Salimu alizima injini. "Ya Punda," alisema. "Bata walisafiri."

"Na aliposalimiwa, aliitika?"

"Hakuitika. Angeitikaje, bwana mdogo? Miaka yote ile hakuna aliyemsalimia mlangoni kwake. Neno lilimkwama." Akafuta uso kwa kiganja. "Mimi nilipokuja Katesh sikuwa na ndugu hata mmoja. Naijua hali hiyo."

Nilikaa chini katikati ya barabara na kucheka kama mwehu. Sijui kama nimewahi kuwa mwepesi hivyo tena maishani. Emanueli alinirudishia fimbo yangu. Paskalina alisema tu, "Nilikuambia," akarudi kuangalia ndama.

Jumamosi iliyofuata nilimpa Paskalina nafasi yangu, nikachunga mimi. Siku ya kusimulia hakuanza na Bata kama nilivyozoea mimi. Alianza na Mzee Salimu: kwamba anakula peke yake nyuma ya kaunta, kwamba rafu anayoipanga kila saa kumi ina kioo, na kwenye kioo hicho televisheni inaonekana vizuri kabisa. Nilikaa dukani mle miezi mingapi sijui, na sikuona. Tangu hapo tulipokezana, na yeyote aliyekwenda alimkokota yule mzee hadi kwenye gunia, aangalie kama watu.

Siku hizi wanangu wanaangalia katuni kwenye simu, saa yoyote, kila mmoja na yake. Hakuna anayehitaji kuaminiwa, na nashukuru kwamba hakuna Paskalina anayekauka sauti kwa sababu yao. Ila wakimaliza hawana wa kumsimulia, na hilo naliona.

Mwezi uliopita nilipita Katesh. Duka lina wenyewe wengine, na televisheni pana ukutani ambayo hakuna anayeiangalia. Nikamuulizia Mzee Salimu, wakanielekeza chumba cha uani. Nikabisha hodi, mlango ukafunguliwa. "Shikamoo mzee," nikasema. Mzee Salimu, amekonda, kichwa cheupe, akanitazama, akanyamaza. Akaendelea kunyamaza. Nikafikiri amenisahau, au uzee umemchukulia maneno. Nikaingia, nikavuta kiti kilichokuwa karibu, nikakaa.

Ndipo akaangua kicheko. "Marahaba, Fausta," alisema. "Nilitaka nione kama utakaa."