Mazimwi ya Bibi Maktabani Garland

Kwenye kaunta ya maktaba ya mji wa Garland, huku ughaibuni, mama Mtanzania mwenye sare ya unesi alimnyang'anya bintiye kitabu cha hadithi za kutisha.

"Mashetani haya hayaingii kwangu!"

Nikiwa nyuma yao kwenye foleni, nilipandwa na hasira, nikataka kumkemea. Binti akaniwahi.

"Mama, ni homework! Aliyeandika aliishi kwa dhiki, akafa zamani, na bado dunia nzima inamwogopa."

Mama akalegea. "Hata bibi yako alikuwa fundi wa mazimwi. Akisimulia, sisi watoto tuligombania kulala katikati kwa woga."

"Nisimulie moja!"

"Hadithi mchana? Unataka niote pembe?" Akamsogezea mkutubi kitabu, kifua mbele. "Kiazime. Usiku nitakupa za bibi, tuone nani fundi."

Mwandishi ana rafu nzima ya vitabu nyuma yake. Dau langu liko kwa bibi.