Kanda ya Chepkirui Niliyoisafisha kwa Kwaya

Wewe umewahi kuchukia sauti ya mtu usiyemjua mpaka ukatema mate chini?

Mimi nilitema. Kisha nikaifuta hiyo sauti kwa mkono wangu mwenyewe. Wiki moja baadaye ikatoka kwa redio, dukani, mchana kweupe, ikamwita rafiki yangu kwa jina.

Tulieni niwaeleze polepole. Mimi sina haraka, na bando ni zenu.

Ilikuwa 1994, huku kwetu kwa majani chai, upande wa Litein. Tulikuwa wanawake wanne. Mimi, mniite tu Mama Weldon. Phyllis, mke wa shemeji yangu, mwenye mdomo mkali kuliko panga la kukata nyasi za nepia. Priscillah, Mkikuyu wa duka lililoangaliana na banda la kupimia majani. Na Chepkirui, jirani yangu, aliyeolewa kutoka Sigor.

Chepkirui alikuwa amezika mamake mwezi wa pili. Sisi hatukumjua huyo mama, Sigor ni mbali kwa miguu. Lakini tangu arudi kutoka mazishini, Chepkirui alinyamaza.

Anachuma. Anapima. Anaenda nyumbani. Ukimsalimu, anatingisha kichwa.

Tukaogopa. Tulishaona mwanamke akianza kunyamaza hivyo, halafu akaacha kula, halafu tukamzika.

Priscillah ndiye alipata dawa. Ndugu yake Chege alikuwa akifanya kazi hoteli ya watalii, na wageni wakiondoka wanasahau kanda za muziki kwa vyumba. Akamletea katoni nzima.

"Ijumaa mkingoja lori mje kwangu," Priscillah akasema. "Tusikie Wazungu wanalilia nini."

Lori la majani lilikuwa linachelewa kila siku, kwa hivyo nafasi ilikuwako. Tukaweka sheria moja: kanda ikianza, lazima isikizwe upande mzima.

"Hata kama ni mbaya?" Phyllis akauliza.

"Hasa kama ni mbaya."

Na zilikuwa mbaya, jamani.

Ya kwanza gita lilikwaruza kama posho mill ya kusagia unga imemeza msumari. Kisha kijana mmoja akaanza kunguruma, akapanda, akapiga nduru, akashuka tena chini kabisa kama mtu ameshikwa na tumbo.

"Huyu anaimba ama anatapika?" Phyllis.

"Ngoja amalize."

"Amalize kutapika?"

Mimi nilikuwa nimeshashika kikapu nitoke. Lakini sheria ni sheria. Tukakaa juu ya magunia, nyuso zimekunjamana, tukala hiyo taabu mpaka kitufe kikaruka chenyewe.

Ingine ilikuwa ya mzee wa Kizungu wa mashambani kwao, anaimbia puani. Nyuma yake kitu kinalia kama nyuki wamefungiwa ndani ya debe. Wimbo mmoja, beti ishirini, zote sawa.

"Huyo alishikwa na homa mwaka wa hamsini na mbili," Phyllis akasema. "Na hakuna mtu alimpelekea dawa."

Chepkirui akacheka.

Kicheko kidogo tu, cha puani. Tukaangaliana. Kutoka hiyo siku tukawa tunatafuta kanda mbaya kama vile watu hutafuta daktari.

Ijumaa ya tano Chepkirui akaja na yake. Ameifunga kwa leso, mafundo mawili. Akafungua taratibu.

"Na mimi nimeleta," akasema. Hayo ndiyo maneno marefu tuliyokuwa tumesikia kwake tangu mazishi. "Hii hamjawahi kusikia."

"Mradi iwe mbaya," Phyllis akasema.

"Sikizeni tu."

Priscillah akabonyeza.

Hakukuwa na gita. Kulikuwa na chwaa, chwaa, chwaa. Maziwa yanapiga kwa ndoo. Ng'ombe akapumua. Halafu sauti ya mwanamke mzee, kwa Kikipsigis, lugha yetu, ule wimbo wa zamani wa kumbembeleza ng'ombe aachilie maziwa.

Sauti imepasuka. Imekauka. Unasikia mate yakizunguka kwa ufizi usio na meno. Katikati ya wimbo akavuta makohozi kutoka chini kabisa, hrrraakh, akatema, akaendelea kuimba hapo hapo alipoachia.

Chwaa, chwaa. Hrrraakh. Ptu. Wimbo.

"Ngai! Ametemea maziwa?" Priscillah akaruka.

Phyllis akafunika mdomo kwa kiganja. "Mimi chai leo siwezi. Haki siwezi."

Na mimi? Mimi nilikuwa nimeokoka miaka mitano, naimba sauti ya pili kwa kwaya. Kanisani tulikuwa tunafundishwa kwamba hizo nyimbo za wazee ni mlango wa mapepo. Nduru za Wazungu sikuzielewa, kwa hivyo hazikunigusa. Lakini huu wimbo nilielewa neno kwa neno. Nilisikia uchafu ukinipanda ngozini kama siafu.

Nikatema mate sakafuni. "Zima hiyo takataka!"

Priscillah akazima. Hata dakika tano hazikuwa zimeisha. Sheria yetu hakuna aliyeikumbuka.

Chepkirui akainuka, akabeba kikapu chake.

"Nimesikia lori," akasema.

Hakukuwa na lori. Akatoka, kanda akaiacha ndani ya redio.

Mimi nikaichukua. Sikuiba. Nilitaka kumsaidia, maana nilijiambia kumbe ndiyo hii inamfunga ulimi.

Nyumbani tulikuwa na redio ya kanda mbili, ya kunakili. Nikaigeuza ile kanda, nikaona vile vimeno viwili vya mgongoni vimevunjwa. Wa umri wangu wanajua: mtu akivunja hivyo vimeno, hataki kanda irekodiwe juu, milele.

Nikakunja karatasi ya pakiti ya majani chai, nikaziba mashimo. Nikarudisha utepe mwanzo kwa biro, nikizungusha pole pole, betri zisiishe. Nikaweka kanda ya kwaya yetu huku, ya Chepkirui kule. Nikaomba. Nikabonyeza vitufe viwili pamoja.

Nikakaa kando nikipukusa maharagwe huku naiangalia ikizunguka, mpaka kwaya ilipoisha nikazima. Nilijisikia kama mtu anayesugua kibuyu kilichoingiwa na funza.

Ijumaa iliyofuata nikamwekea Chepkirui mkononi, mbele ya wote.

"Kanda yako. Nimekusafishia."

Hakuelewa. Akaitia kwa redio mwenyewe, akabonyeza.

Kwaya! Soprano ikapanda, na mimi nasikia sauti yangu ya pili hapo chini. Nikapiga makofi. Phyllis akaitikia pambio.

Chepkirui amesimama, mkono juu ya redio.

"Iko wapi?" akauliza.

"Nini?"

"Ile."

"Niliifuta, mpenzi. Ilikuwa chafu. Sasa umefunguliwa."

Hakuondoa mkono. Wimbo wa kwanza ukaisha, wa pili, wa tatu. Kwaya nzima alisimama hivyo, mpaka mimi makofi yakaniishia.

Sasa, kanda ya kwaya yetu ilikuwa fupi kuliko yake. Hilo sikulipima.

Kwaya ikasema amina. Ikaja shhhhh.

Halafu chwaa, chwaa.

Yule mwanamke mzee hakuwa anaimba tena. Alikuwa amemaliza kukamua, anaongea kama mtu aliye hapo hapo nje.

"Chepkirui, mtoe huyo ndama, amenyonya ya kutosha. Na wewe Kiptanui, zima hicho kitu chako, unamaliza betri ya mwalimu bure."

Tak. Kitufe kikaruka.

Phyllis akakaa chini kwa gunia la sukari bila kuangalia nyuma. Priscillah akashika kaunta kwa mikono miwili. Mimi, yale mate niliyotema wiki iliyopita niliyasikia yamerudi yote mdomoni mwangu, baridi, na nilikuwa siwezi kuyameza.

Baadaye mume wa Chepkirui alinieleza. Kiptanui ni kakake. Aliazima rekoda ya mwalimu, akamrekodi mama yao zizini, Chepkirui akiwa amekwenda kumwona, wiki tatu kabla kifua kimmalize. Akavunja vimeno mwenyewe. Akampa dadake. Nakala haikuwako mahali popote duniani.

Chepkirui alichukua kanda, akaifunga kwa leso, akaenda. Ijumaa tatu hakuja dukani.

Ya nne nikashindwa. Nikachukua kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu ya mkaa, nikaenda kwake saa kumi na moja. Nikamkuta zizini anakamua, amenigeuzia mgongo.

Nikaongea peke yangu, sana. Kwamba kanisa. Kwamba mapepo. Kwamba sikujua. Nikasema hata, aibu yangu, "Ningejua ni mama, ningeupenda huo wimbo."

Hakugeuka.

Wajukuu zangu mnaosoma hapa, ninyi hufuta vitu kwa kidole kimoja. Mimi nilimvumilia kijana wa Kizungu akitapika upande mzima, nikashindwa na mwanamke wa lugha yangu dakika tano. Kinyaa kikikushika, usikiamini haraka. Ngoja kwanza umalize kusikia. Mimi sikungoja, na mpaka leo nikisikia maziwa yakipiga ndoo, ninayejichukia ni mimi.

Chepkirui alimaliza. Akamfungua ng'ombe miguu, akafunika ndoo, akasimama.

"Mama Weldon," akasema, "sikutaka muupende. Hata mimi sikuwa naupenda."

"Basi ulitaka nini, mwenzangu?"

Akaniangalia kwa mara ya kwanza.

"Nilitaka mmoja wenu aniulize tu, 'Huyo mama ni nani?' Ndio nianze kuwaambia habari zake."